Dawa ya kiwele imegoma: ni usugu au ni kitu kingine?

Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele amepigwa tyubu (antibiotiki inayosukumwa ndani ya chuchu) siku tatu mfululizo, na asubuhi ya siku ya nne mabonge bado yanatoka kwenye robo ile ile, yaani sehemu ile ile kati ya nne za kiwele. Wengi wakifika hapo husema bakteria wamekuwa sugu, yaani dawa haiwaui tena, kisha hutafuta dawa kali zaidi. Kuna siku wanakuwa sahihi. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, dawa imeshindwa kwa sababu nyingine: haikufika walipo bakteria, haikukaa muda wa kutosha, ilipelekwa kwa kijidudu ambacho haikiwezi tangu asili, au bakteria walishakufa na kinachoonekana ni kiwele kinachoendelea kupona. Anayebadilisha dawa bila kujua ni ipi kati ya hizo anawafundisha bakteria wa banda lake dawa mpya, na tatizo la awali linabaki pale pale.

Mwongozo huu unafuata dalili moja moja. Uchaguzi wa dawa na kipimo chake ni kazi ya daktari wa mifugo anayemwona ng'ombe. Kazi yako ni kumpa taarifa zitakazomwezesha kuchagua vizuri, na taarifa ya kwanza ni sampuli.

Sampuli huchukuliwa kabla ya tyubu ya kwanza

Ukishapiga dawa umechelewa, kwa sababu dawa iliyomo kwenye maziwa huzuia bakteria kuota maabara hata kama bado wako hai ndani ya kiwele. Hata kama huna uhakika wa kuipeleka leo, ichukue na uigandishe.

1. Nawa mikono na vaa glovu. Chuchu ikiwa chafu, ioshe na kuikausha kabisa, maana maji yanayotiririka kutoka kwenye kiwele hushuka na uchafu hadi kwenye chupa.
2. Kamulia mikamuo 3 au 4 ya kwanza kwenye kikombe cha ukaguzi, usiimwage sakafuni. Angalia kama kuna mabonge, maji au damu.
3. Sugua ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 hadi pamba itoke safi. Kila chuchu na pamba yake. Anza kusafisha chuchu za upande wa mbali na umalizie za karibu. Wakati wa kukamulia kwenye chupa anza na za karibu, ili mkono usipite juu ya zilizokwisha kusafishwa.
4. Ilaze chupa tasa mshazari ili vumbi na nywele zisidondokee ndani. Mililita 5 zinatosha. Usiweke kifuniko chini.
5. Andika nambari ya ng'ombe, robo na tarehe. Iweke kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi na ifike maabara ndani ya saa 24, au igandishe. Iliyogandishwa waambie maabara: bakteria aitwaye *Staphylococcus aureus* huvumilia barafu, lakini *E. coli* hupungua na anaweza asionekane.

Majibu yakionyesha aina tatu au zaidi za bakteria kwenye robo moja, hiyo ni sampuli chafu. Usitibu kwa kuitegemea. Chukua nyingine.

Dalili: mabonge bado yapo siku ya nne, lakini ng'ombe anakula na hana homa

Hii ndiyo hali inayosababisha dawa nyingi kupigwa bure. Mabonge ni mabaki ya vita: chembe nyeupe za damu, protini iliyoganda na seli zilizokufa. Antibiotiki huua bakteria, lakini haisafishi mabaki hayo. Maziwa yanaweza kuchukua siku 4 hadi 6 kurudi katika sura yake ya kawaida hata pale ambapo bakteria walishaisha, na idadi ya seli kwenye maziwa (nyingi ni chembe nyeupe za damu) hubaki juu kwa wiki kadhaa.

Tena, kati ya sampuli 10 za ng'ombe wenye mabonge, 2 hadi 4 hivi haziotishi kitu kabisa maabara. Nyingi za hizo ni za robo ambazo mwili umeshazisafisha wenyewe, hasa baada ya *E. coli*. Robo ya namna hiyo haina usugu, wala haina bakteria wa kuuawa.

Pima joto. Likiwa karibu na nyuzi 38.5, robo inalainika na mabonge yanapungua kila mkamuo, maliza dozi iliyoandikwa na usiongeze dawa nyingine. Subiri majibu. Robo ikizidi kuwa ngumu, joto likipita nyuzi 39.5 au ng'ombe akiacha kula, mwite daktari siku hiyo hiyo.

Dalili: anapona, kisha robo ile ile inarudi baada ya wiki chache

Mshukiwa wa kwanza ni *Staphylococcus aureus*, na hapa panahitaji maelezo marefu kwa sababu huyu ndiye anayechanganya watu kuliko wote.

Ana njia nne za kuikwepa dawa, na ni moja tu kati ya hizo iliyo usugu wa kweli. Ya kwanza, hujichimbia ndani ya tishu za kiwele, na mwili humzungushia ukuta wa kovu, kama jipu dogo. Dawa haipenyi vizuri ukuta huo. Ya pili, huweza kuishi ndani ya seli, zikiwemo chembe nyeupe zilizotumwa kumla, na dawa nyingi za jamii ya penisilini haziingii vizuri ndani ya seli. Ya tatu, hutengeneza utando wa ute unaowafunika wengi pamoja, na wale walio chini ya utando hukua polepole mno. Penisilini huua bakteria anayejenga ukuta wake. Aliyelala haguswi. Njia ya nne ndiyo usugu wenyewe: baadhi yao hubeba jeni liitwalo *blaZ*, linalotengeneza kimeng'enya cha kuvunja penisilini kabla haijafanya kazi. Kimeng'enya hicho huvunja pia ampisilini na amoksisilini. Kloksasilini hakiivunji, na asidi ya klavulaniki ikiongezwa kwenye amoksisilini hukizuia.

Kwa hiyo majibu ya maabara yanaweza kusema "anauawa na penisilini" na bado ng'ombe asipone, kwa sababu ya zile njia tatu za kwanza. Ubaya mwingine ni kwamba hatoki kwenye maziwa kila siku. Sampuli moja huweza kumkosa karibu ng'ombe mmoja kati ya wanne walioambukizwa. Kama dalili zinamwelekea yeye na jibu ni "hakuna kilichoota", rudia hadi sampuli tatu, kila moja siku tofauti.

Kabla ya kutibu tena, uliza kama inafaa. Matumaini yapo kwa ng'ombe wa uzao wa kwanza, mwenye robo moja tu iliyoathirika, maambukizi ya siku za karibuni, robo laini isiyo na vinundu, na bakteria asiye na kimeng'enya kile. Kwake, matibabu ya siku 5 hadi 8 kwa maelekezo ya daktari hufaulu zaidi kuliko ya siku 2 au 3. Ng'ombe mkubwa mwenye robo mbili au tatu, vinundu vigumu unavyovisikia kwa vidole, na aliyekwisha kutibiwa mara kadhaa, hatapona kwa tyubu yoyote. Kuendelea kumtibu ni kuwachuja bakteria wake hadi wabaki wale wabaya tu, huku akiwaambukiza wenzake kila anapokamuliwa. Mkamue wa mwisho, mtibu wakati wa kumkausha (kuacha kumkamua kabla hajazaa tena) kama bado ana thamani kwako, au mwondoe kundini.

Dalili: maziwa kama maji ya njano, homa, masikio baridi, ng'ombe amelala

Huyu asisubiri majibu ya maabara. Ni dalili za bakteria kama *E. coli* au *Klebsiella*, na kinachomuua ng'ombe ni sumu iliyomo kwenye ukuta wa nje wa bakteria hao, ambayo huachiliwa wanapokufa. Ndiyo maana unaweza kupiga antibiotiki sahihi kabisa na ng'ombe akazidi kuzidiwa: dawa inaua bakteria, lakini sumu imeshaingia kwenye damu.

Penisilini na kloksasilini hapa hazina kazi, na kosa si la mfugaji aliyezitumia vibaya zamani. Bakteria hawa wamezaliwa na utando wa nje unaozizuia. Vivyo hivyo *Klebsiella* ana kimeng'enya cha asili kinachovunja ampisilini. Huo ni usugu wa kuzaliwa nao, tofauti na ule wa kupatikana, na ni muhimu kuutambua kwa sababu haubadiliki hata kundi lako likikaa miaka 10 bila dawa.

Kinachookoa maisha ni maji na kushusha uvimbe. Daktari hutoa dawa ya kutuliza uvimbe kama meloksikamu (miligramu 0.5 kwa kilo ya uzito) au fluniksini (miligramu 2.2 kwa kilo), na maji ya chumvi ya asilimia 7.2 kwenye mshipa, lita 2 hadi 3 kwa ng'ombe mkubwa. Baada ya hapo ni lazima anywe lita 20 au zaidi. Asipokunywa mwenyewe, daktari humpitishia maji tumboni kwa mpira, maana chumvi ile huvuta maji kutoka tumboni kuingia kwenye damu, na tumbo likiwa tupu hakuna cha kuvuta. Antibiotiki ya sindano hutolewa kwa mgonjwa mahututi kwa sababu bakteria wanaweza kuwa wamefika kwenye damu. Kwa yule mwenye mabonge tu, bila homa, *E. coli* mara nyingi huondoka bila antibiotiki yoyote.

Wagonjwa wa *Klebsiella* wakifuatana, angalia malalo. Maranda na vumbi la mbao ndiyo makazi yake anayoyapenda.

Dalili: robo mbili au zaidi kwa pamoja, maziwa yanakatika ghafla, ng'ombe haonekani kuumwa sana

Fikiria *Mycoplasma bovis*, hasa kama kuna ng'ombe wanaochechemea kwa viungo vilivyovimba au ndama wenye nimonia. Kijidudu hiki hakina ukuta wa seli. Penisilini na jamaa zake zote hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, kwa hiyo hazina pa kushika. Kwenye sahani za kawaida za maabara hakioti. Inabidi uombe kwa jina kipimo chake: chakula maalumu cha kukioteshea, hewa yenye kabonidioksidi nyingi, na siku 7 hadi 10 za kusubiri, au kipimo cha vinasaba. Hakuna matibabu ya kiwele yanayotegemewa. Mtenge mgonjwa na umkamue mwisho, wala maziwa yake usiwape ndama.

Dalili: tatizo lilianza, au lilibadilika sura, baada ya kupiga tyubu

Hapa mkono wa mtibabu ndio unaochunguzwa. Ncha ya tyubu iliyopita kwenye chuchu chafu husukuma uchafu moja kwa moja hadi ndani, ikiruka mlango ambao asili imeuweka. Vinavyoingia kwa njia hiyo ni vibaya kuliko vile ulivyokuwa unavitibu: hamira na kuvu, bakteria *Nocardia*, au *Pseudomonas* anayeishi kwenye mipira ya maji na ndoo za kuoshea. Hamira haiuawi na antibiotiki, na kuendelea kupiga tyubu kunaiondolea washindani. Simamisha dawa, kamua robo mara nyingi, na mara nyingi husafika yenyewe ndani ya wiki kadhaa. *Prototheca*, ambaye ni mwani na si bakteria, hana dawa kabisa. Aliyethibitika kuwa naye huondolewa.

Dawa iliyochanganywa nyumbani, au chupa moja inayochomwa sindano tena na tena kisha ikatumika kwenye chuchu, ni chanzo kikubwa cha haya yote. Tumia tyubu iliyofungwa kiwandani, ya robo moja, mara moja. Sugua ncha ya chuchu kwa spiriti hadi pamba itoke nyeupe, ingiza ncha ya tyubu milimita 3 hivi tu, sukuma dawa, kanda kuelekea juu, kisha chovya chuchu kwenye dawa ya kuua vijidudu. Kuingiza ncha yote hutanua mfereji wa chuchu na kukwangua utando unaonasa bakteria.

Dalili: maabara inasema dawa inaua, ng'ombe haponi

Kipimo cha diski hufanyika juu ya chakula cha maabara kisicho na maziwa, usaha wala kovu. Bakteria hutandazwa kwenye sahani, diski zenye dawa huwekwa juu, na baada ya saa 16 hadi 18 kwenye nyuzi 35 hupimwa upana wa duara lisiloota kitu. Mpaka wa milimita unaotenganisha "anauawa" na "sugu" kwa dawa nyingi uliwekwa kwa kuangalia kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu, mara nyingine damu ya binadamu. Ni dawa chache tu zenye mipaka iliyothibitishwa kwa ajili ya kiwele cha ng'ombe. Chukulia jibu la "sugu" kuwa karibu na uhakika: dawa hiyo iache. Jibu la "anauawa" ni ruhusa ya kujaribu tu.

Ndani ya kiwele mambo hubadilika. Oksitetrasaiklini hufungwa na kalsiamu ya maziwa, nguvu ikapungua. Gentamisini ya sindano haivuki vizuri kwenda kwenye maziwa, na mabaki yake hukaa kwenye figo kwa miezi mingi. Penisilini ya msulini huvuka kwa shida kwa sababu ina asili ya asidi, na maziwa yenye pH ya 6.6 hivi yana uasidi kuliko damu. Tailosini, yenye asili ya besi, hujikusanya upande wa maziwa.

Kisha kuna saa. Penisilini na jamaa zake huua kulingana na muda ambao kiasi chake kimekaa juu ya kiwango kinachotakiwa. Dozi mbili kwa mpigo haziwezi kufidia moja iliyorukwa. Tyubu ya kila saa 12 ikipigwa mara moja kwa siku huwapa bakteria nusu siku ya kupumua, na wanaonufaika na nafasi hiyo ni wale wenye uvumilivu kidogo kuliko wenzao. Kabla ya kulaumu usugu, rudi kwenye daftari uhesabu saa.

Dalili: maabara imethibitisha usugu

Angalia kwanza ni wa aina gani. *Staph. aureus* anayevunja penisilini ni jambo la kawaida, na dawa mbadala zipo. Mfanyakazi wa maabara huweza kumtambua kwa ukingo wa duara la penisilini: ukingo mkali kama uliokatwa kwa kisu ni wa mwenye kimeng'enya, ule unaofifia polepole ni wa asiye nacho. *Streptococcus agalactiae* karibu wakati wote bado anauawa na penisilini, kwa hiyo ripoti inayosema ni sugu inastahili kurudiwa.

Jambo zito ni *Staph. aureus* sugu kwa methisilini, maana huyo hauawi na dawa yoyote ya kawaida ya jamii ya penisilini, na anaweza kuhamia kwa binadamu. Alipatikana kwenye maziwa ya ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele huko Ubelgiji mwaka 1972. Mwaka 2011 iligundulika kuwa baadhi yao wana jeni tofauti, *mecC*, ambalo vipimo vya vinasaba vilivyotafuta *mecA* peke yake, jeni la usugu huo lililojulikana awali, vilikuwa havilioni. Diski ya sefoksitini ya mikrogramu 30 huwakamata wote wawili: duara la milimita 21 au chini ni sugu. Akithibitika, wakamuaji wavae glovu na kufunika vidonda vyote, na ng'ombe huyo aondolewe kundini badala ya kutibiwa.

Kishawishi cha wakati huu ni kurukia seftiofua, sefkwinomi au enrofloksasini. Dawa za makundi hayo ni za kipaumbele cha juu kwa tiba ya binadamu katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Zitumike pale tu ambapo maabara imeonyesha kwamba hakuna nyingine itakayofaa, na kamwe zisiwe tyubu ya kwanza ya mabonge ya kawaida.

Dalili: wagonjwa wanaongezeka kundi zima, na dawa zinazidi kushindwa

Tafuta maambukizi yanakopita, kwa sababu kila ng'ombe asiyeugua ni dozi ambayo haikutumika. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe wote ndicho chanzo cha kwanza cha kukagua. Dawa ya kuchovya yenye iodini ya asilimia 0.5 hadi 1 ifunike chuchu yote baada ya kukamua, na kikombe chake kimwagwe na kuoshwa, kisiongezewe tu juu kwa juu. Wanaochovya kabla ya kukamua waache sekunde 30 ndipo wafute. Ng'ombe apewe chakula baada ya kukamuliwa ili asimame nusu saa au zaidi, mfereji wa chuchu ujifunge kabla hajalala. Kwenye mashine, badilisha mipira ya ndani ya vikombe kila mikamuo 2,500 na upime mvuto wa hewa wa mashine. Ncha za chuchu zenye ngozi ngumu nyeupe na nyufa zinakuambia mashine inaumiza.

Maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa yasipewe ndama. Mabaki ya antibiotiki huchagua bakteria sugu kwenye utumbo wao, na mavi yao huwarudisha bakteria hao kwenye malalo. Kuyachemsha huua bakteria, lakini dawa nyingi hubaki. Ukikuta mtindi haugandi vizuri, shuku kwanza kwamba maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yameingia kwenye chombo kabla ya siku zake za kusubiri kwisha.

Wakati wa kukausha, si kila ng'ombe anahitaji antibiotiki. Aliyekuwa na seli chini ya 200,000 kwa mililita katika vipimo vitatu vya mwisho, na hakuugua kiwele kipindi hicho chote cha kukamuliwa, anaweza kuwekewa kizibo cha ndani ya chuchu peke yake. Kizibo hakikandwi kwenda juu: bana shina la chuchu kwa vidole wakati wa kukiingiza, kikae kwenye chuchu. Usafi wake uwe mkali kuliko wa tyubu ya dawa, kwa kuwa hakuna antibiotiki ndani yake ya kufidia uzembe.

Baada ya matibabu yoyote chukua sampuli za robo hiyo siku ya 14 na siku ya 28. Zote mbili zikiwa safi, bakteria wameondoka. Ya 14 ikiwa safi na ya 28 ikiwa na aina nyingine ya bakteria, hayo ni maambukizi mapya, na kasoro itafutwe kwenye ukamuaji. Aina ile ile ikirudi, matibabu yalishindwa, na hapo ndipo ripoti ya usugu inafunguliwa tena pamoja na daftari la saa za dozi.